Mkurugenzi wa Mauzo na Kreti Tatu za Fanta

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamua. Nitakuwa komersiali, yaani afisa mauzo! Si mchuuzi wa barabarani, hayo nimeyaacha. Komersiali wa kampuni kwa kampuni. Suti, salamu za mkono, "tutawasiliana". Mtu anayeuzia kampuni habebi bidhaa kichwani. Anabeba mkoba tu, na mkoba wenyewe hauna kitu.

Mwanga umenifikia kwenye mafunzo ya bure, ukumbi wa hoteli moja mjini. Niliingia kwa ajili ya sambusa, sifichi. Lakini mwalimu wetu, Madamu Amélie, alisema neno lililonifanya nishike sambusa hewani bila kuila. Alisema anayemuuzia mtu shati atauza shati moja. Anayeiuzia kampuni anavalisha wafanyakazi wote kwa siku moja, kisha anakwenda kula samaki wa mukeke ufukweni. Na mimi maisha yangu yote nimekuwa nikiwauzia watu! Ghafla makosa yote ya nyuma yakaeleweka. Ile miavuli niliyoileta mwezi wa Juni, mvua ilipokatika: tatizo halikuwa mvua. Tatizo lilikuwa wateja.

Bidhaa ninayo ndani ya nyumba. Mke wangu Asiya ni fundi cherehani, hapa mtaani Buyenzi hakuna asiyemjua. Atashona ovaroli. Kila kiwanda kina wafanyakazi, na kila mfanyakazi ana mwili. Mimi nitakuwa Mkurugenzi wa Mauzo.

Asiya alinisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Akauliza kama hii ni kama ile ya miavuli. Nikamweleza tofauti, kwa utulivu. Akasema sawa, atashona ovaroli moja ya kuonyesha. Lakini ikifika Jumatatu ijayo sina mteja hata mmoja, naanza kazi kwenye gareji ya kaka yake, Ilias. Kuwapokeza mafundi spana.

Ilias! Mtu anayeniita "Directeur", yaani mkurugenzi, mbele ya mafundi wake ili wacheke! Afadhali ninywe oili ya breki.

Jumanne, 9 Septemba

Ovaroli imekamilika. Ya bluu. Mifuko kila mahali, magotini kitambaa mara mbili, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Ni kubwa sana. Asiya anasema ya kuonyesha lazima iwe kubwa, asitokee mtu akasema inabana. Nilijivunia mke wangu, na nilimwambia hivyo. Akasema nisiichafue.

Nimemchagua mteja: kiwanda cha rangi cha Bwana Melchior. Wafanyakazi wake hutoka jioni na rangi mwili mzima, utadhani wamevaa vitenge. Hitaji lipo! Njiani nikapata wazo ambalo hata Madamu Amélie hakulifikiria. Kwa nini kuibeba bidhaa wakati unaweza kuivaa? Nikaivaa juu ya shati na tai.

Mlinzi wa getini alinitazama mara moja tu na kusema nimechelewa. Nikamwambia nimekuja kumwona mkurugenzi. Akasema mkurugenzi tutamwona sote siku ya mshahara, kwa sasa lori linasubiri. Kabla sijafungua mkoba, nilikuwa na ndoo ya rangi begani. Nikajaribu kujieleza kwa Kifaransa. Msimamizi akanijibu kwamba hapa hakuna Kifaransa, hapa kuna kubeba.

Nimebeba mpaka adhuhuri. Wakatugawia maharage na wali, maharage matamu kweli. Baada ya chakula nikapanda ofisini. Sekretari, anaitwa Houda, ana kucha ndefu na macho makali. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba mlango wa wafanyakazi uko nyuma. Wakati natoka nilimwona mkurugenzi. Yaani niliuona mguu wake ukiingia kwenye gari.

Msimamizi ameniambia nirudi kesho, mimi ni mchapakazi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nusura nikubali.

Jumatano, 10 Septemba

Mgongo! Nimelala kifudifudi siku nzima. Asiya amefua ovaroli, lakini tone la rangi ya njano karibu na mfuko limegoma kutoka. Nikamwambia tuliache, litakuwa alama ya kampuni. Alipiga pasi kwa nguvu zaidi, basi.

Ilias amepita kunijulia hali. Aliuliza kama ni mimi ambaye watu wamemwona akibeba ndoo kule viwandani. Nikamwambia nilikuwa naifanyia bidhaa majaribio. Akaniuliza kama najua tofauti ya spana kumi na tatu na kumi na nne. Nikageuza uso ukutani.

Alhamisi, 11 Septemba

Madamu Amélie alisema: usipoteze muda na sekretari, mtafute anayeamua. Tena mtafute mahali ambapo hawezi kukukimbia. Sasa, hapa Bujumbura ni wapi mtu mwenye gari hawezi kukimbia? Foleni ya mafuta! Magari yote ya kampuni yamekaa pale tangu alfajiri, yanasogea kidogo baada ya kila sala. Ni soko zima limepangwa mstari mmoja kwa ajili yangu, na hakuna komersiali mwingine aliyeliona.

Nikaliona gari jeusi lenye jina la kiwanda cha rangi mlangoni. Kwenye kiti cha nyuma kuna bwana mnene, miwani ya jua, amejiegemeza. Moyo ukanidunda. Nikagonga kioo, akakishusha. Nikaanza na hali ya hewa, afya, familia. Kisha ovaroli. Alinisikiliza! Aliuliza maswali mazuri sana. Je, mfuko unaingiza chupa ya chai? Je, mtu akilala nayo mchana inaleta joto? Je, zipu inakwaruza? Nikajibu yote. Gari likisogea nasogea nalo. Tulikaa hivyo asubuhi nzima.

Mwisho akashusha pumzi na kusema imempendeza sana, ila yeye ni dereva. Amekaa nyuma kwa sababu mbele jua linapiga. Wakurugenzi hawapangi foleni ya mafuta, wanapangiwa.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini alikuwa mtu mwema. Akaniambia mkurugenzi hupatikana nyumbani kwake Kiriri Jumamosi mchana, baada ya zile kazi za pamoja za maendeleo za kila wiki, na hapo hupokea wageni barazani. Nisiende peke yangu. Nisiende mikono mitupu. Na juu ya yote, nisitaje haja yangu moja kwa moja. "Patron ni mutu wa mila," aliniambia. "Ukimuingilia mbio mbio, anafunga mulango."

Bila shaka! Nilikuwa nafanya mauzo ya kigeni. Nani katika nchi hii aliyewahi kupata jambo kubwa kwa kuliomba wazi?

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya maandalizi. Baada ya sala nimekwenda kwa jirani yangu Mzee Mawazo. Huyu ndiye msemaji wa posa wa mtaa wetu. Familia ikitaka kuoa, inamchukua yeye aongee. Ameomba mabinti kuanzia hapa mpaka Kajaga, na hajawahi kurudi na jibu la hapana. Kirundi chake kinazunguka vizuri sana hata mimi nakipata nusu tu. Nikawaza: mtu anayeweza kumtoa binti kwa baba yake atashindwa kuuza ovaroli?

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba ni biashara, kwamba tunakwenda kwa mkurugenzi wa kiwanda, kwamba asitaje bidhaa mpaka nimpe ishara. Mzee akafumba macho, akacheka polepole.

"Ndiyo, ndiyo," alisema. "Wote wanasemaka vile."

Nikafurahi. Huo ndio uzoefu.

Wa tatu ni Moubarak, binamu yake Asiya. Hajaoa, ni mrefu, ana meno mazuri, na ana suti moja ya maana aliyoshonewa na Asiya mwenyewe. Kazi yake ni kushika bidhaa na kutabasamu. Nimempa amri moja tu, ya Madamu Amélie: mteja hakataliwi. Akisema ndiyo, nawe sema ndiyo. Ovaroli nimeifunga kwa karatasi ya dhahabu na utepe mwekundu. Na nimechukua kreti tatu za fanta, kwa sababu sisi ni Waislamu na bia hatubebi.

Asiya amezama kwenye sare za shule, hana muda na mimi. Aliuliza tu kwa nini Moubarak amepakwa manukato. Nikamwambia: sura ya kampuni.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimejifungia.

Asubuhi kazi za maendeleo, nikafyeka majani na mtaa wote. Saa sita tukapanda teksi. Teksi ikaishiwa mafuta katikati ya mlima wa Kiriri. Tukashuka kusukuma, sote na suti zetu, Mzee Mawazo akisukuma kwa maneno. Tumefika getini tumelowa jasho, tunasukuma gari lenye fanta.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujagonga. Mke wa mkurugenzi, Mama Consolate, akatazama kreti. Akamtazama Moubarak na kifurushi chake cha dhahabu. Akaweka mkono mdomoni na kukimbilia ndani. Sijawahi kupokelewa hivyo! Mara viti vikatoka. Mara wajomba wakatokea nyumba ya jirani, mmoja bado anafunga tai. Nikawaza, hii ni kampuni ya familia, wameita bodi nzima.

Bwana Melchior akatoka. Mtu mkubwa, mpole, kitambaa cha jasho mkononi. Tukaketi upande mmoja, wao upande wa pili. Mzee Mawazo akasimama, akaanza. Alisalimia vilima, akasalimia mvua, akasalimia wazee waliokufa. Kisha akaomba ng'ombe. Ng'ombe! Nusu saa nzima na hajaitaja ovaroli hata kidogo! Upande wao wakajibu kwamba ng'ombe hawana. Mzee akasisitiza. Wakacheka. Akasisitiza tena. Nilitamani Madamu Amélie angekuwepo.

Baadaye Bwana Melchior akamgeukia Moubarak na kusema kwa upole kwamba kutoka mkoani Ngozi ni mbali, bila shaka barabara imemchosha. Moubarak hajawahi kufika Ngozi. Alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa: mteja hakataliwi. Akasema ndiyo, imemchosha. Bwana Melchior akauliza kama kahawa inaendelea vizuri huko. Moubarak akasema ndiyo, vizuri sana. Akauliza kama sisi sote ni Waislamu, maana hakuwa ameambiwa. Tukasema ndiyo. Akajifuta jasho, kisha akasema mtu ni mtu. Nilishangaa kidogo. Lakini kila mteja ana namna yake.

Akaja msichana na sinia la glasi, anaitwa Mélissa, macho chini. Nikadhani ni msaidizi wa ofisi. Akainua macho kumtazama Moubarak. Akanitazama mimi. Glasi zikaanza kugongana zenyewe. Akakaa karibu na Mama Consolate, mama yake.

Ndipo Bwana Melchior aliposimama na kusema nyumba yake imekubali, mlango uko wazi. Makofi! Vigelegele! Mama Consolate analia! Na mimi, niseme kweli, machozi yalinitoka. Hakuna mtu aliyewahi kukubali kitu nilichomletea. Miaka yote hii, hakuna. Nilimwona Ilias akilini mwangu, amesimama na spana yake, ananipigia saluti. Nilikuwa na furaha ambayo sijaionja tangu Fadhila wetu azaliwe.

Nikampa Moubarak ishara. Akapiga goti, akampa Mama Consolate kifurushi cha dhahabu. Mama akafungua utepe taratibu. Ovaroli ikateremka kutoka kifuani kwake mpaka sakafuni, bluu, na tone lake la njano.

Mama Consolate akaligusa lile tone kwa kidole.

"Hii ndiyo mutoto wangu atavaa kwenu?" aliuliza.

Nikadhani anauliza saizi. Nikasimama haraka, nikasema za wanawake zipo pia. Nikaeleza kwamba magotini tumeongeza kitambaa kwa wale watakaopigishwa magoti kutwa. Nikasema hii hapa ilibeba ndoo za rangi Jumanne nzima bila kuchanika, kwa hiyo asiwe na wasiwasi, hata afanyishwe kazi gani. Mjomba mmoja akakaa chini bila kutazama kama kuna kiti.

Mélissa akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Papa, hawa watu mi siwajue."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nimeelewa machache kwa vipande: ng'ombe aliyeombwa alikuwa Mélissa, binti wa nyumba. Yuko kijana wa Ngozi anaitwa Valéry, anayetaka kumwoa. Wazazi wa binti hawajawahi kumwona. Mélissa alikuwa amewaambia kwamba Jumamosi mojawapo kijana na wazee wake watakuja na vinywaji kujitambulisha. Mimi nilileta vinywaji. Mimi nilileta wazee. Mimi nilileta na kijana, nikamfunga na karatasi ya dhahabu!

Kwa bahati, kushuka Kiriri hakuhitaji mafuta. Fanta zimebaki kule. Ovaroli imebaki. Ndani ya teksi Mzee Mawazo hakunitazama. Ni hapana yake ya kwanza.

"Kila mutu ananiambiaka ni biashara," alisema tulipofika chini. "We ndiye wa kwanza kumbe ilikuwa biashara."

Jumapili, 14 Septemba

Moubarak amemwambia Asiya kila kitu. Asiya alizima pasi, akakaa, akajifunika uso na khanga. Mabega yakatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikuthubutu kuuliza.

Mchana Valéry mwenyewe akafika, kwa basi la kwanza kutoka Ngozi; Mélissa alimpigia simu usiku, na mtaa wa Mzee Mawazo nani asiyeujua? Mwembamba, miwani, begi mgongoni. Alisimama uani na kusema anamtaka mwanaume anayeitwa Moubarak. Moubarak akatoka, akainama kidogo kwenye mlango kama kawaida yake. Valéry akavua miwani. Akaivaa tena. Kisha akasema anampenda Mélissa tangu chuo kikuu, wajomba zake wanajiandaa tangu mvua zilizopita, na sasa baba yake Mélissa amesema hataki tena kusikia neno posa kutoka kwa mtu yeyote. Nikamwonea huruma, kweli kabisa. Nilijiona mtu mbaya.

Katika kumfariji nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema ni meneja wa kituo cha kuosha kahawa. Kituo cha kuosha kahawa! Watu wanasimama majini kutwa! Ni kampuni! Nikamuuliza wafanyakazi wake ni wangapi, na kama wana nguo za kazi.

Akarusha ngumi. Mimi niliinama. Ikamkuta Moubarak, aliyekuwa amekuja kumshika bega. Akaangukia meza ya pasi na jicho likaanza kuvimba pale pale.

Asiya akawatenganisha kwa rula yake ya mbao. Akamkalisha Valéry, akampa chai, akazungumza naye kwa sauti ya chini ambayo mimi sikuisikia. Alipoondoka alikuwa anatabasamu kidogo, na alikuwa amepimwa suti ya harusi.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya mwisho. Mteja sina.

Asubuhi Asiya alivaa kitenge chake kizuri, akatoka kwenda Kiriri peke yake. Nilimwuliza atasema nini. Akasema atasema ilivyo. Nikamwonya kwamba kule jambo halisemwi moja kwa moja, akajifunga mtandio vizuri na kuondoka. Nilimtazama mpaka akakata kona. Mke wangu anapanda mlima kuomba msamaha kwa sababu yangu. Niliona aibu mpaka wakati wa chai.

Amerudi adhuhuri. Alipofika getini alimwambia Mama Consolate hivi: mume wangu hana akili lakini hana ubaya, alikuwa anauza nguo za kazi, kijana wa kweli wa Mélissa ni yule wa Ngozi na nimemwona, ni mtu mzuri, na hiyo ovaroli ni yangu, naomba nirudishiwe. Akakaribishwa. Yote yamekwisha kwa muda wa kunywa fanta moja. Moja ya zile zetu!

Ovaroli hajarudishiwa. Mlinzi wa nyumba anaivaa tangu Jumamosi na amegoma kuivua. Bwana Melchior aliikagua mlinzi akiwa ndani yake, akavuta mishono, akaona haichaniki. Ameagiza za kiwanda kizima. Mama Consolate naye ameagiza nguo za wanawake wote wa familia kwa ajili ya posa ya Valéry. Sharti lao ni moja: mume wa fundi asionekane Kiriri.

Niliruka juu. Mteja! Tena siku ile ile ya mwisho! Nikamwambia Asiya kwamba gareji sasa imefutika, maana kampuni imeuziwa.

"Baba Fadhila," alisema, "muteja ni wangu. We kesho uko kwa Ilias."

Nikauliza ni nani basi aliyefungua mlango wa Kiriri. Akasema huo mlango niliofungua, yeye ameshinda asubuhi nzima akiufunga. Sikukata tamaa, nikaomba angalau nibaki na cheo cha Mkurugenzi wa Mauzo, hata bila kazi. Akawasha cherehani.

Alhamisi, 18 Septemba

Gareji. Siku ya tatu. Kumi na tatu na kumi na nne zinafanana kabisa, na anayesema hazifanani anajidai. Ilias ananiita "Directeur" kila anapotaka tambara. Na juu ya hayo, mafundi wake wote wamevaa ovaroli za bluu, mifuko kila mahali, magotini kitambaa mara mbili. Ameagiza kwa Asiya. Mimi pia nimevaa. Inanipwaya.

Lakini chini ya gari mtu ana muda wa kufikiri. Madamu Amélie alisema kila mauzo yaliyoshindikana yachunguzwe bila hasira. Nimeyachunguza. Mzee Mawazo alikuwa hodari. Kifungashio kilikuwa cha hali ya juu. Walikubali! Walipiga makofi! Basi tulikosea wapi?

Nimepata jibu leo, nikiwa na spana mdomoni. Fanta. Kreti tatu kwa nyumba kama ile! Walituona watu wadogo. Ilitakiwa sita.

Kosa la pili ni binti. Hilo nalikubali, mimi si mtu wa kukataa makosa. Lazima uulize kwanza kama nyumbani kuna binti wa kuolewa. Mchana limeletwa gari la mkurugenzi mmoja wa kampuni ya malori, anakaa Gihosha. Malori mengi, madereva wengi, wapakiaji wengi, wote wamevaa nguo za ovyo. Nikamhoji dereva wake kwa makini, sikuacha kitu. Binti hana. Hajawahi kuwa naye. Nyumbani yuko yeye, mama yao mzee, na dada yake tu, Huguette, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kuolewa. Hatoki, Jumamosi zote yupo barazani na mama yake. Hatari hakuna kabisa.

Moubarak hawezi kuja, jicho bado halijafunguka. Haidhuru, kifurushi nitakishika mwenyewe, na suti yake nimeijaribu, nikikunja mikono inanikaa vizuri. Jioni nimepita kwa Mzee Mawazo. Alikuwa bado amenuna. Nikamwapia kwamba safari hii ni biashara, biashara tupu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akafumba macho, akacheka polepole. Amekubali.

Asiya ameuliza sasa hivi kwa nini ninanukia manukato. Nimemwambia: sura ya kampuni.